Uzi wa Buluu Kwenye Pezi

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya stesheni ya Damanhuri nilipotoka nyumbani na samaki wa mama mkwe wangu ndani ya ndoo ya jibini. Nilikuwa nakwenda kumuuza.

Wapo watakaosema nilitumwa na shetani. Sikutumwa na shetani. Nilitumwa na bili ya umeme.

Mwaka ule Misri nzima mtungi wa gesi ulipanda bei, na nyama tukawa tunaisalimia tu kwa mchinjaji, tunapita. Mimi nilikuwa nashona nguo za watu sebuleni. Mume wangu Raafat alitengeneza mafriji, kazi ya leo ipo kesho haipo. Binti yetu Radwa alikuwa na miaka kumi. Asubuhi tulikula maharage, na jioni tulikula maharage yaleyale yaliyobadilishwa jina. Na pale kando ya cherehani yangu lilikuwepo tangi la vioo lenye samaki mmoja tu, na pampu yake ya hewa, chujio lake na taa yake, vyote vinawaka usiku na mchana kama nyumba ya waziri.

Bwub... bwub... bwub...

Sauti hiyo niliikuta siku niliyoingia bibi harusi.

Samaki alikuwa wa mama yake Raafat, Hajati Inshirah. Alikuwa amemfuga miaka kumi na nne. Zamani alikuwa mwekundu wa kung'aa. Sasa alikuwa amechujuka, mweupe kama kipande cha sabuni, mkubwa kama kiganja, na aliogelea kiupande kama mtu aliyebeba ndoo nzito kwa mkono mmoja. Hajati alimbadilishia maji mwenyewe, mlango umefungwa. Ole wako uguse swichi.

"Hajati," nilimwambia siku moja, "huyu anakula umeme kuliko sisi wote wanne."

"Huyu analipa, mwanangu," akanijibu. "Wewe tu hujaona risiti."

Raafat naye alikuwa na wimbo mmoja, Italia. Vijana wa rika lake walikwisha kuvuka bahari na kujenga ghorofa. Yeye mara tatu aliaga, na mara tatu hakufika hata kituo cha mabasi. Mara ya kwanza alitumbukia mtaroni akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Mara ya pili mguu uleule ulikufa ganzi, akarudishwa juu ya mkokoteni wa matikiti. Mara ya tatu aliamka mguu umevimba kama boga, bila sababu. Tangu hapo alichechemea, na ngazi alizishuka moja moja, ameshika ukuta.

Mungu anisamehe, nilimcheka. "Mguu wako una mke mwingine hapa Damanhuri," nilimwambia mbele ya majirani. "Wanaume wa wenzangu wanaleta yuro, wangu analeta kiatu kimoja kilichoisha soli." Alicheka pamoja nao. Jioni ile hakula.

Basi Hajati akaenda kijijini msibani kwa dada yake, siku tatu. Nami nikachukua ndoo.

Soko la ndege na samaki lilikuwa linafungwa. Wauza njiwa walishafunika matundu yao. Aliyebaki ni Mama Sabir, mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kwa plasta, anamwaga maji machafu barabarani.

"Utanipa ngapi, mama?"

Alichungulia ndooni akitabasamu. Tabasamu likaondoka. Akasogeza taa, akainama, akanong'ona:

"Huyu ana mtu."

"Ana mimi. Na mimi namuuza."

"Sisemi mwenye mali. Nasema ana mtu. Tazama chini ya pezi."

Nikatazama...

Uzi.

Uzi wa buluu, mwembamba, umezungushwa kwenye shina la pezi la kushoto kwa mafundo saba. Nyama ilikuwa imeota juu yake. Miaka kumi na miwili nimeishi na samaki yule, sikuwahi kuuona.

"Mrudishe ulikomtoa," alisema Mama Sabir, bado ananong'ona. "Na mkono wako ukae mbali naye."

Mimi nazijua hila za sokoni. Nikajua anataka nishushe bei. Mkasi wangu wa kushonea ulikuwa mkobani. Na wallahi, nilimwonea samaki huruma pia. Nani anamfunga kiumbe miaka yote hiyo?

"Usikate, binti yangu. Nakuomba..."

Kch.

Harufu ikapanda kutoka ndooni. Chumvi... na mwani uliooza... Harufu ya bahari, na bahari kutoka kwetu ni mwendo wa saa nzima kwa treni. Samaki alitulia tuli. Kisha akanyooka. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaogelea sawasawa, akizunguka ndoo upesi upesi, kama anayetafuta mlango.

Mama Sabir alikwisha kukunja mkeka wake. Hakutaka kumnunua, wala kumpokea bure. Nikaenda mpaka mferejini nikammwaga. Alielekea kaskazini, yanakokwenda maji, na sikumwona tena. Nikarudi na ndoo tupu, bila hata piasta moja.

Umeme ulikuwa umekatwa, kama kila jioni kiangazi kile. Nilikuwa napapasa ukuta wa ngazi gizani niliposikia miguu juu yangu.

Tap-tap. Tap-tap. Tap-tap.

Miguu inashuka ngazi mbilimbili. Hakuna mtu katika jengo letu anayeshuka hivyo. Nikajibana ukutani...

"Suheir?"

Alikuwa Raafat.

"Suheir, mguu hauumi! Nimeinuka kwenye swala, naona hauumi. Tazama!" Akaruka palepale gizani. Akanishika mikono akanizungusha kwenye kile kijukwaa cha ngazi, mtu mzima wa miaka thelathini na nne. Nami nilicheka. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Sikuunganisha mguu na samaki. Nani angeunganisha?

Siku ya pili yake aliuza vifaa vyake vya kazi. Siku ya tatu alfajiri alimbusu Radwa usingizini, akaondoka. Hakuchechemea. Nilimtazama dirishani mpaka mwisho wa mtaa, na kwa mara ya kwanza nilijivunia mwendo wake.

Hajati alirudi adhuhuri ile. Aliliona tangi limepinduliwa, limekauka, nimeweka vitambaa juu yake. Hakuuliza habari za samaki.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia. Akakaa chini polepole, kwenye vigae.

"Uzi... ulimtoa nao, au uliukata?"

"Niliukata."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinisimulia akitazama lile tangi. Kabla ya Raafat alikuwa na mwana mkubwa wa kiume, Salama, aliyepanda mashua na hakuonekana tena, wala maiti ya kuzika. Raafat alipofika miaka ishirini naye akaanza kuitaja bahari. Ndipo mama akaenda kwa mganga. Kwetu husemwa kuwa kazi ya uchawi ikifungwa kwenye samaki haifunguki, maana samaki huachwa majini, na nani atampata tena? Yeye hakutaka kumwachia mto mwanawe. Akamweka samaki sebuleni, amlinde mwenyewe.

"Nilimfunga mguu tu," alisema. "Roho sikuigusa."

"Ulimwona anavyoteseka, Hajati! Ulimwona anavyochekwa!"

"Nilimwona. Kila siku nilimwona. Ndicho nilichokitaka, kumwona kila siku."

Magharibi simu ikalia. Alikuwa Raafat, ufukweni. Nilimpa mama yake, nikaweka sikio langu karibu na lake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo.

"Mama, umesikia? Mguu umepona! Dua zako zimepokelewa, mama."

Hajati alifumba macho.

"Rudi, mwanangu."

"Tumeshaanza kupanda. Mwambie Suheir nitamnunulia friji mpya, si hizi za kuunga-unga. Mama? Unanisikia?"

"Vaa soksi," akasema. "Baharini kuna baridi."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho. Mashua ile haikufika ng'ambo wala haikurudi. Watu walisema injini ilikuwa mbovu, na abiria walizidi. Huenda ni kweli. Mashua nyingi zimezama bila uzi wa mtu kukatwa.

Mwisho wa mwezi bili ilikuja. Ilikuwa imepungua pauni nne.

Pauni nne. Niliishika karatasi ile nikalia mpaka Radwa akaniletea maji.

Arobaini ilipopita, Hajati alilisimamisha tangi, akalijaza maji ya bomba, akaniambia, "Washa." Nikawasha pampu na taa. Samaki hakuwemo. Jioni ile umeme ulikatwa kama kawaida. Feni ikasimama, taa ikazima, mtaa mzima kimya. Tulikuwa tumekaa gizani, mimi na yeye.

Bwub...

Nikageuka.

Bwub... bwub...

Niligusa pampu. Ilikuwa imekufa, baridi kabisa. Lakini kutoka chini ya tangi mapovu yalikuwa yanapanda, machache, mazito, kama pumzi ya mtu anayejitahidi. Hajati aliweka sikio kwenye kioo.

"Ni yeye," alinong'ona. "Mwache avute."

Asubuhi kwenye ukingo wa kioo kulikuwa na mstari mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Jirani yetu fundi alisema ni magadi ya maji ya mji, na mapovu ni hewa iliyobaki kwenye mpira wa pampu. Huenda. Lakini nilimwaga maji yale nikaweka mengine niliyoyachemsha kwanza na kuyachuja. Kesho yake chumvi ilikuwepo palepale. Hajati aliishi miaka minne zaidi, kiti chake kando ya kioo. Siku anakufa hakuniachia maneno mengi. Alisema, "Pampu usiizime." Sijaizima.

Radwa amekua akisikia sauti hiyo, na hajui ni pumzi ya nani. Amesomea uuguzi. Ana miaka ishirini na miwili, mcheshi kama baba yake, na ngazi anashuka mbilimbili huku anaimba. Mwezi uliopita alikuja na karatasi mkononi, akanizungusha sebuleni.

"Mama! Kuweiti! Hospitali, nyumba ya kulala, tiketi ya ndege, yote juu yao! Nitakulipia umeme wa mtaa mzima!"

Nikapiga vigelegele, majirani wakajaa. Kazi ni ya halali, mkataba una mihuri, na ndege si mashua. Nayajua yote hayo. Safari ilikuwa Alhamisi.

Jumatatu jua lilipoanza kushuka nilichukua ndoo ya jibini. Nilimwambia Radwa nakwenda kununua vitunguu.

Mama Sabir bado yupo. Amekonda, miwani ni ileile. Sijui kama alinikumbuka. Nilichagua mdogo kuliko wote, mwekundu, anarukaruka.

"Huyu ana mtu?" nikamwuliza.

Alinitazama juu ya miwani.

"Bado," akasema. Hakupokea pesa yangu.

Nilifika nyumbani nikafunga mlango wa sebule. Uzi wa buluu ninao kabatini, ni kazi yangu. Mkono wangu, uliozoea kutunga sindano bila kutazama, ulikosa fundo la kwanza mara mbili. Nililia kila fundo. Nilimwomba Mungu msamaha, nikamwomba Raafat, nikamwomba na Hajati, ambaye nilimhukumu bila kujua. Mafundo saba. Nilipomtia tangini alilala kiupande, akaanza kuogelea hivyohivyo.

Na mapovu yakatulia, ingawa pampu ilikuwa inawaka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, tangi lilinyamaza.

Jumanne jioni nilikuwa napika nilipomsikia Radwa kwenye ngazi. Hakuwa anaimba. Tap... kisha kimya. Tap... kisha kimya. Aliingia ameshika ukuta, jasho usoni.

"Mama, sijui mguu huu umefanya nini. Sikujikwaa popote... Mama, na safari je?"

Nilimkalisha. Nilimvua kiatu cha kushoto, nikamkanda kwa mafuta ya moto, taratibu, kama nilivyokuwa nikimkanda baba yake.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Utapona. Tutakaa tu, tutakula maharage."

Aliweka kichwa begani kwangu akalia kwa ajili ya Kuweiti yake. Nilimkumbatia mpaka usingizi ukamchukua. Kisha nikazunguka nyumba nikizima taa moja moja, kupunguza bili. Pampu niliiacha.