Kicheko cha Ubeti wa Mwisho

Mchana ule mtaa wa maduka ya vyombo vya muziki ulifurika mpaka watu wakawa wanapita kwa ubavu. Kila duka lilikuwa limetoa spika zake nje na kuzifungulia kwa wimbo wake, na katikati ya kelele hizo alisimama msichana mwenye gauni la njano na raba nyeupe, mkononi kashika maiki aliyoinunua juzi. Alitaka abadilishiwe. Alikuwa akimweleza muuzaji kwa mara ya tatu kwamba maiki ile inamkwaruzisha sauti.

Pembeni alikuwa amechuchumaa kijana akichagua nyaya, shati la drafti, bisibisi imechomoza mfukoni. Aliiomba ile maiki, akaipuliza, akahesabu moja mpaka tatu, kisha akamrudishia mwenyewe.

"Maiki haina kosa, dada," alisema. "Aliyekwaruza ni wewe. Jana uliimba una mafua."

"Umejuaje?"

"Bado unayo."

Muuzaji alicheka. Msichana alijiandaa kukasirika, akapiga chafya badala yake, na wote watatu wakacheka. Ndivyo walivyoanza. Mimi nasema mapenzi yaliyoanza kwa mtu kuambiwa ukweli wa sauti yake yalipaswa kujua mapema ni wapi yatakapovunjikia.

Msichana aliitwa Chiriku tangu utotoni. Jina hilo alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa kuwa hakuwa akinyamaza hata chakula kikiwa mdomoni. Kijana alikuwa fundi wa sauti, na watu wote walimwita Fundi, hata mama yake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anamrekodi Chiriku katika chumba chake kilichozibwa kuta kwa magodoro makuukuu, na kabla wa pili haujaisha walikuwa wachumba.

Wimbo uliowatoa ulikuwa wa mlango ambao mwenye nyumba haufungi, akimngoja aliyeondoka. Siku ya kuurekodi, Chiriku alikuwa anauimba amefumba macho. Fundi, upande wa pili wa kioo, alikuwa na njaa ya tangu asubuhi, akaona autumie upofu ule wa muda kula yai lake la kuchemsha. Kabla ya ubeti wa mwisho Chiriku alifumbua macho, akamkuta shavu limevimba yai zima. Kicheko kikamtoka, kifupi, nusu puani nusu mdomoni, kisha akaudaka ubeti na kuendelea. Alitaka kifutwe, Fundi akakataa katakata.

"Hicho kicheko ni changu," alimwambia. "Wengine watakisikia tu."

Wimbo ulienea. Watu walikipenda kicheko kuliko hata maneno, na wakawa wanakingoja. Miaka mitatu baadaye Chiriku alipata ziara yake ya kwanza akiwa yeye ndiye mwenye onyesho: miji sita, hakuna msanii mkubwa wa kumtangulia wala wa kumfuata. Redioni aliwasema bila huruma waimbaji wanaofungua midomo huku kazi inafanywa na rekodi. Bango la ziara lilimwonyesha ndani ya gauni la fedha, na chini yake maneno makubwa: KWA SAUTI YANGU. Shangazi, aliyekuwa msimamizi wa madobi katika hospitali, alichukua likizo akaja kutunza nguo. Mchana alipiga pasi, jioni alikaa mstari wa mbele na simu yake akirekodi.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la kazi yao. Mwimbaji akiwa jukwaani huvaa vidude vidogo masikioni ili ajisikie mwenyewe, na kinachoingia humo si lazima kiwe ndicho wanachosikia watu. Vyote viwili vilikuwa mikononi mwa Fundi, kwenye meza yake katikati ya ukumbi. Aliweza hata kumsemesha mchumba wake masikioni bila mwingine kusikia. "Kunywa maji, kipenzi." "Sogea kushoto, taa inakutafuta." Chiriku alikuwa akitabasamu peke yake jukwaani, na mashabiki wakadhani wametabasamiwa wao.

Mji wa kwanza, wiki nzima ya mahojiano ilikuwa imemchosha koo. Alipofika ubeti wa mwisho, sauti ilikatika kama bomba linalotema hewa. Fundi aliona mabega yake yakishuka. Kwenye meza kulikuwa na rekodi ya studio, iliyowekwa kwa ajili ya kupimia spika tu. Kidole chake kilisukuma kitufe kimoja juu, na ukumbi ukasikia ubeti safi, pamoja na kicheko, na ukalipuka kwa shangwe. Masikioni mwa Chiriku aliacha ile sauti iliyokatika.

Waliposhuka Chiriku alimshika mkono. "Walisikia?"

"Hawakusikia kitu," Fundi alisema. "Ulitoka salama."

Alijiambia ni mara moja tu. Mji wa pili akarudia, wa tatu akarudia, na kila alipopita ubavuni mwa basi lao penye lile bango, alitazama chini. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka kumchemshia Chiriku tangawizi, na kila kikombe alichompa alihisi anampa ili yeye mwenyewe asiuteme ule uongo. Alijiona mwizi, na haki yake, maana kila baada ya onyesho mchumba wake aliuliza, "Nilikuwaje?" naye akajibu, "Vizuri, kipenzi," huku akihangaika kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake iliishia mji wa nne. Asubuhi baada ya onyesho walikuwa katika chumba cha kuvalia. Shangazi alikuwa anapiga pasi, mpiga ngoma anakula, Fundi amepiga magoti akitengeneza soketi. Shangazi aliweka pasi pembeni, akafungua simu, na kicheko kile kikasikika chumbani.

"Hii ni ya jana," alisema. "Jana nilikuwa mbele kabisa. Kwenye ubeti huu ulikuwa unalia, mwanangu, wanja unachuruzika mpaka kidevuni. Sasa anayecheka hapa ni nani?"

Akafungua rekodi ya mji wa kwanza, na kicheko kilekile kikatoka, urefu uleule.

"Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini," Shangazi alisema. "Sijaona mawili yaliyokunjamana sawasawa."

Fundi alisimama, bisibisi mkononi. "Ni mimi, Shangazi. Tangu mji wa kwanza. Yeye hajui."

Wote walimgeukia Chiriku. Alikuwa amevaa kanga ya kifuani na rola kichwani, uso umempauka. Aliikaza kanga kifuani, kisha akasema, "Umenivua nguo mbele ya watu wote hawa. Ondoka. Usinipigie simu tena."

Fundi hakujitetea. Alikunja nyaya moja moja, vizuri, akaziandikia vijikaratasi ili atakayekuja baada yake asipate taabu. Chiriku alimtazama mpaka waya wa mwisho.

Lakini usimwonee huruma upesi huyu binti. Mji wa pili, jasho lilitelezesha kidude cha sikio la kushoto kikaanguka begani. Alikuwa amefunga mdomo, anatafuta pumzi, na ukumbi mzima ulikuwa unamsikia anaimba. Alisikia na kicheko. Alielewa pale pale, akakirudisha kidude sikioni, akaendelea kuchezesha midomo. Aliposhuka akauliza, "Nilikuwaje?" huku anajua, kwa sababu alitaka kudanganywa. Machozi ya mji wa nne yalikuwa ya hayo. Na Shangazi alipouliza, alipata nafasi ya kusema neno moja tu, "tulikuwa wawili," akaitumia kumtwisha mwenzake zigo lote.

Onyesho la mji wa tano lilifutwa. Ilitangazwa mwimbaji anaumwa koo, na kweli alikuwa anaumwa. Siku ya nne Chiriku alishindwa kujizuia, akapiga simu yeye.

"Umenikataza nisipige," Fundi alisema alipopokea. "Hukunikataza kupokea."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe unakunywa maji ya moto?"

"Nakunywa."

Chiriku alifungua kinywa aseme, akasema usiku mwema, na ilikuwa saa tisa mchana. Alikata simu akajifunika shuka.

Shangazi alivumilia siku nyingine tano. Kisha alikaa kitandani na rundo la nguo mapajani, akauliza mbona aliyekosewa ndiye anayekonda. Chiriku alimweleza yote, uso ukutani. Shangazi alimaliza kukunja blauzi aliyokuwa nayo.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Na wewe hata hukuficha wa kwako kwa nguo yako. Umejifunika mtu."

Kesho yake Chiriku alirudi kwenye mtaa ule, kajitanda mtandio asijulikane. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya duka, spika imefunguliwa tumbo mbele yake. Duka la jirani lilikuwa linapiga wimbo wa mlango, na Chiriku alingoja mpaka kicheko kipite ndipo aseme.

"Nilijua," alimwambia. "Tangu mji wa pili. Kidude kilianguka, nikasikia. Nilijua na nikanyamaza, na siku ile nikakuacha uondoke."

Fundi hakuinua uso. "Siku kumi najiona mwizi peke yangu."

"Ulikuwa mwizi. Tulikuwa wawili. Mimi nilishika gunia."

"Ulinitazama nikikunja nyaya."

"Nilikutazama."

Hapo ndipo Fundi alipomtazama, na macho yake yalikuwa na hasira ambayo Chiriku hakuwahi kuiona. Alimwambia kwamba alidanganya ili kumwokoa na hilo halimtakasi, lakini yeye asingeweza kumwona mtu anazama peke yake akakaa ukingoni. Chiriku alisema Jumamosi ni onyesho la mwisho, hapa mjini kwao, na anamwomba akae kwenye meza ya sauti, ile rekodi aiache nyumbani.

"Koo lako halijapona," Fundi alisema. "Sauti itakatika palepale."

"Najua."

"Na watu watakusikia."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine hawataniacha nikatike."

Fundi alichukua bisibisi, akairudisha chini. "Sitakuja kama mchumba. Nitakuja kama fundi."

"Njoo hivyohivyo."

Jumamosi ukumbi ulijaa saa moja kabla. Gauni la fedha lilibaki kwenye hanga. Chiriku alivaa lile la njano, lililofifia makwapani na kuongezwa kitambaa ubavuni na Shangazi. Aliimba nyimbo nane kwa ustaarabu, kwa sauti ya chini. Kabla ya wimbo wa mlango alisimama akawaambia watu ukweli: miji minne, ubeti wa mwisho haukuwa wake, alijua, na aliyebeba lawama alibeba na ya kwake. Ukumbi ulinong'ona. Kuna waliomzomea. Kikundi kimoja kilichovaa fulana za ziara kilinyanyuka na kutoka, na aliwaacha watoke kabla ya kuanza.

Alivua vidude vyote viwili akaviweka sakafuni, asikie wanachosikia wao.

Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita kwa shida. Palepale alipotabiriwa, sauti ilikatika. Safari hii hakuna kilichoiziba. Ukumbi ulinyamaza mpaka mtu mmoja akakohoa nyuma, na Chiriku alitazama kwenye meza ya sauti. Fundi alikuwa amesimama juu ya kiti chake, mikono yote miwili ameinua hewani, vidole vimetanuka, kama aliyekamatwa, ili amwone kwamba hagusi kitu.

Kicheko kikamtoka. Kilikuwa kibovu, kimekwaruza, kirefu kuliko kile cha studio, na kiliishia kwenye kikohozi. Kisha akaumaliza ubeti karibu kwa kuusema tu. Watu walipiga makofi kama watu ambao bado hawajaamua, wengine wamekaa, wengine wamesimama wanapangusa macho.

Nyuma ya jukwaa Fundi alimletea maji. Chiriku alikunywa yote kabla ya kuuliza.

"Nilikuwaje?"

"Vibaya," Fundi alisema. "Ubeti wa pili ulichelewa kuingia, na wa mwisho umekwaruza mpaka meno yangu yameuma."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu ziara ianze kifua kilimlegea.

"Nikiharibu tena utaniambia?"

"Nitakuambia. Na mimi nikiharibu, ukajua, utanyamaza?"

"Sitanyamaza."

"Hata tukioana?"

"Hasa tukioana."

Hatua tatu kutoka kwao Shangazi alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo, simu sikioni, akisikiliza alichorekodi. Alikirudia kicheko mara mbili, kisha akazifuta zile rekodi za miji mingine, moja moja.

"Hiki nakiweka," alisema, bila kumwambia mtu. "Hakijapigwa pasi."