Usimuulize Nagase

Ukumbi wa maonyesho wa Ariake mwezi wa nane hauna huruma. Mashabiki wa katuni walikuwa wamesongamana kati ya meza, kila mmoja na taulo shingoni, na Mitsuki Araya alikuwa amebakiwa na kitabu kimoja tu kati ya vile alivyochora mwenyewe kwa wahusika wa katuni ya Mnara wa Chumvi, pale mkono wa mwanamume ulipotua juu yake.

"Mwalimu, hiki bado kipo?"

Ndivyo wachoraji wanavyoitwa pale, hata kama siku za kazi unapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Mitsuki akainua macho. Shati jeupe limelowa, tai inachungulia mfukoni, miwani imeingia ukungu.

"Kipo. Ila wewe unaonekana mtu wa ofisini aliyepotea njia."

"Usinihukumu kwa shati, mwalimu. Mnara wa Chumvi nimeulilia mimi kabla yako."

Akakisoma amesimama. Alipofika pale mlinzi wa mnara anapomwandikia mama yake barua, akavua miwani na kuifuta. Hapo Mitsuki akawa amekwisha.

Jina lake Kohei Nagase. Baada ya wiki tatu za simu na matembezi alimwambia anapofanya kazi: kitengo cha hakimiliki, kwenye kampuni ile ile yenye katuni ya Mnara wa Chumvi. Mitsuki alicheka mpaka chai ya shayiri ikampalia. Kisha akaiweka bilauri chini. Kila mchoraji anaijua desturi: vitabu vya mashabiki vinaishi kwa sababu kampuni inajifanya haivioni. Huombi ruhusa. Ukiomba, umewalazimisha kukataa.

"Basi kazini kwako mimi sipo," alisema.

"Hupo kabisa. Napendana na mzuka."

Mwezi wa kumi, kwenye jukwaa la wachoraji mtandaoni, mtu asiye na sura wala jina akamvamia Mitsuki: mwizi wa wahusika wa watu, na bado anajiita mwalimu. Wengine wakadakia. Siku nne hakulala vizuri.

"Nyamaza tu, bibie," rafiki yake Saeko, mchoraji mwenzake, alimsihi kwa simu. "Watachoka wenyewe."

Lakini hasira zilikuwa zimempanda. Akaingia kwenye tovuti ya kampuni, akajaza fomu ya maswali kwa jina lake kamili na picha za kitabu: Je, kazi hii inaruhusiwa? Alijua itaangukia meza ya nani. Alitaka iangukie hapo hapo, mtu wake amkingie kifua.

Jibu lilifika kesho yake saa kumi jioni. Hairuhusiwi. Aondoe kurasa zote mtandaoni, na asichapishe tena. Chini yake: K. Nagase.

Kazi ya miaka mitatu. Akapiga simu akiwa nje ya kliniki, kando ya baiskeli, bado amevaa sare yake ya waridi.

"Bwana Nagase."

Tangu Ariake hajawahi kumwita hivyo.

"Mitsuki, nimekupigia leo..."

"Nimeona. Umepiga kuomba radhi. Umeandika barua ile kwa mkono ule ule ulionishika juzi?"

"Uko kliniki? Nakuja."

"Usije."

Akaja, koti mkononi, akihema.

"Tazama saa nilizopiga," alisema.

Saa nne asubuhi. Saa sita. Saa nane, mara mbili. Mchana kutwa simu yake ilikuwa kabatini, kama za wafanyakazi wote wa kliniki.

"Nilikuwa nakuomba ulifute swali lako kabla ya saa kumi, mwisho wetu wa kujibu. Ulidhani nilifika Ariake kwa bahati? Miaka mitatu napita kwenye kurasa zako kila asubuhi kama kipofu. Nilikupenda kwa kutokuona, Mitsuki. Halafu ukaniandikia rasmi."

"Ungekataa kujibu."

"Angejibu mwenzangu. Na yeye angetafuta na vitabu vya Saeko, na vya wengine wote."

Mitsuki alitaka kumchukia, akakosa pa kuanzia. Kitabu alikuwa amekiua mwenyewe.

"Nenda, Kohei," alisema. Akafuta kurasa zote jioni ile, na kwa miezi miwili hakupokea simu za Kohei.

Siku za mwisho wa mwaka Ariake ikafurika tena, safari hii makoti na skafu. Juu ya meza ya Mitsuki palikuwa na kitabu kipya, wahusika wake mwenyewe, na kufikia adhuhuri kilikuwa kimekwisha.

"Mwalimu, hiki bado kipo?"

Alikuwa amekonda.

"Kimoja. Nimekificha chini ya meza tangu asubuhi."

Kohei akafungua. Kwenye picha, mwanamume mwenye miwani ya ukungu anapita kati ya meza, akijifanya haoni kitu. Akasoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Huyu umemwombea ruhusa?"

"Sijamuuliza. Niliogopa atakataa."

Wakacheka.

"Hakatai," Kohei alisema. "Ila ana swali kwako."

"Fikiri kwanza. Ukiniuliza, nitalazimika kujibu."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Ukurasa wa mwisho, yule mwanamume amesimama mbele ya meza, na kiputo cha maneno kinywani mwake kimeachwa kitupu. Akampa kalamu. Kohei akainama, akaandika polepole: Je, ndoa inaruhusiwa? Akageuza kitabu.

Mitsuki akasoma mara mbili. Akachukua kalamu, akaandika chini yake: Inaruhusiwa. Kisha jina lake kamili na tarehe, kama inavyofanya kampuni.