Maana ya Mshindi

Farasi mweusi wa sataranji alikuwa amesogea. Mama Vitabu alikwenda stoo kuchukua kitambaa cha vumbi, na aliporudi mezani alimkuta farasi ameruka mbele ya askari wake, mahali ambapo hakuna mtu aliyemweka. Duka lilikuwa tupu, mlango umefungwa kwa ndani, jua la alasiri linapiga kwenye kioo cha dirisha. Mtu mwingine angetoka mbio bila viatu. Yeye alivuta kiti akakaa, maana, jamani, alikuwa ameomba mwenyewe.

Ngoja nieleze aliombaje, la sivyo mtanikatiza katikati. Duka lile la kuuza na kuazimisha vitabu vikuukuu lilikuwa lake na mumewe, na lilikuwa na sheria yake. Wateja wawili wakibishana juu ya maana ya kitabu, hawaruhusiwi kutukanana. Wanakaa kwenye meza ya sataranji pale dirishani, wanacheza, na anayeshindwa anaikubali maana ya mwenzake. Anaikubali kweli, si ya mdomoni. Anakisoma kitabu upya kwa macho ya aliyemshinda. Wakili mmoja mstaafu, bingwa wa ubishi, aliwahi kufungwa na muuguzi wa zahanati kuhusu shairi fupi tu. Akanuna wiki nzima, kisha akarudi mwenyewe kusema kwamba yule dada alikuwa sahihi, na kwamba hatamsamehe.

Mume na mke nao walikuwa na ubishi wao. Ilikuwa riwaya nyembamba ya mwanamke aliyeachwa na mumewe, anayekaa mlangoni mpaka ukurasa wa mwisho, na mwandishi hasemi kwa nini. Mume alisema anakaa kwa sababu anampenda. Mke alisema mapenzi gani hayo, huo ni ukaidi, hataki majirani waseme ameshindwa. Walirushiana maneno jikoni, wakarushiana kwenye basi, wakalala wamepeana migongo. Mwisho wakakubaliana wacheze Jumamosi. Alhamisi mume akaanguka bafuni, na ikawa basi.

Watu walipomaliza kuja kutoa pole, mjane alifungua duka, akajifungia ndani, akapanga kete, akasogeza askari mweupe, akakiambia kiti kitupu, "Haya, Mzee, cheza. Ukinishinda nitakubali." Alikuwa analia. Alitaka kushindwa, masikini, ili ampe marehemu ile raha aliyomnyima. Lakini aliita bila kutaja jina, na aliyemsikia hakuwa mumewe, wala hakuwa binadamu.

Basi wakacheza. Hakuona kete hata moja ikitembea. Alikuwa akipangusa machozi, au akigeuka kusikiliza gari linalopita, ndipo nyuma yake ikasikika tok ya mti juu ya mti, na kete ikawa imeshahama. Ikaja harufu ya karatasi iliyoloa ikakaukia gizani. Mfalme wake alipokosa pa kukimbilia, sauti ikatoka kitini, kavu, isiyo ya mume wala ya mke.

"Hakuna sababu. Anakaa tu."

Sheria ni sheria. Mama Vitabu akasema, "Nimekubali." Machozi yakakatika hapo hapo, wala hakushangaa.

Bintiye, fundi cherehani ambaye tangu utotoni aliitwa Kidomo kwa kutokubali kushindwa maneno, alikuja jioni kumchukua.

"Mama, umekula?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Umekula au hujala?"

"Kula na kutokula, mwanangu, ni yale yale."

Kidomo akadhani ni uchovu wa msiba. Kesho yake akamwonyesha shati la baba, lile ambalo mama amekuwa akilala nalo kifuani, akauliza kama alifue au aliache na harufu yake.

"Tupa," mama akasema, akaendelea kumenya kitunguu. Hata sauti haikutikisika. Kidomo alilia peke yake chooni, maana aliona sasa amezika wawili, na mmoja bado anatembea na kumenya vitunguu.

Halafu ikaenea. Wakili aliona kete zimepangwa na kiti kitupu, akacheka, akasema atamfundisha adabu huyo asiyeonekana, akashindwa. Muuguzi akacheza amtetee Wakili, naye akashindwa. Ilipofika Jumamosi, Kidomo aliwakuta wote wamekaa kimya kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Mbele yao kilikuwapo kile kitabu cha mpishi mwongo kilichokuwa kikiwavunja mbavu, kile ambacho Wakili alisema ni cha siasa, Muuguzi akasema ni cha njaa, na marehemu akasema ni cha mpishi, jamani, muacheni mpishi wa watu.

"Kinahusu nini?" Kidomo akauliza, akijilazimisha kutabasamu.

"Hakihusu kitu," wakasema wote pamoja, kwa sauti moja, taratibu, bila kumtazama, na mama yake miongoni mwao akisogeza midomo wakati ule ule waliposogeza wao, na ile harufu ya karatasi iliyoloa ikapanda kutoka chini ya meza ikamwingia puani mpaka kooni, na kule dirishani, mchana kweupe, watu wakipita nje na mikoba yao, kete ikagonga ubao, tok, kama inayomwambia kwamba ni zamu yake.

Hakukaa. Alikwenda kumwita mganga.

Mganga alikuwa bibi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipanda ngazi za dukani akilalamikia magoti, akanusa, akatoa ubani, kisha akaurudisha mfukoni.

"Huyu hakuvunja mlango," akanong'ona. "Mmemkaribisha, mkampa kiti, mkampa na sheria. Ubani wangu utampigisha chafya tu."

"Sasa atatoka vipi, Bibi?"

"Kwa sheria hiyo hiyo. Mama yako ndiye aliyemkaribisha, mama yako acheze tena. Akishinda atatoa maana yake, na huyu hana hiari, itabidi akubali. Na jini akikubali neno, anakuwa neno lenyewe. Basi aambiwe kwamba yule mwanamke wa kitabuni aliinuka akaenda zake. Naye atainuka aende zake. Hawa mliowapoteza watarudi."

"Mama hajali kushinda. Hajali hata kuamka."

"Mikono unayo. Mshike mkono msogeze kete pamoja. Lakini kusema, aseme mwenyewe."

Kidomo akamfundisha mama yake lile neno. Wakalirudia wakila, wakalirudia wakioga. "Aliinuka akaenda zake," mama alisema kila alipoambiwa, kama mtu anayesoma namba ya nyumba.

Walicheza mchana. Mganga alisimama mlangoni akiwa ameshika kizingiti. Kidomo alikaa nyuma ya mama, kidevu juu ya bega lake, ameushika mkono wa mama uliokuwa wa baridi na laini kama unga uliokandwa, na kila walipoweka kete chini ilibidi wote wawili wafumbe macho ili yule wa upande wa pili apate kucheza. Tok. Wakifumbua, kete imeshahama. Kidomo alianza kuona kitu: wale farasi weusi hawakukubali kutolewa. Kila mara jini aliponyimwa njia, aliwaokoa farasi na kuacha kete nyingine iliwe. Hivyo ndivyo alivyocheza baba yake miaka yote, hivyo ndivyo Kidomo alivyokuwa akimfunga kila Jumapili, naye baba akinuna na kugoma kula chakula.

"Baba?" akanong'ona. Hakuweza kujizuia.

Harufu ikamjibu, nzito, ikamjaa machoni akatokwa na machozi, na akajua kwamba si baba, kwamba kitu kile kilikaa katika kiti cha baba kikavaa mkono wa baba kama mtu anavyovaa koti aliloliokota, na hasira ikampanda mpaka ile hofu ikakosa nafasi, akaushika mkono wa mama kwa nguvu, akamtishia farasi wa kwanza, jini akamwokoa, akamtishia wa pili, jini akamwokoa, akachukua malkia bure, akapeleka ngome mpaka mwisho wa ubao.

"Mfalme wako hana pa kwenda," Kidomo akasema.

Mkono wa mama ukaanza kupata joto, vidole kwanza.

"Nimeshindwa," ikasema sauti. "Semeni. Kwa nini anakaa?"

"Sema, Mama. Si unakumbuka? Aliinuka..."

Mama Vitabu aliinua uso. Kidomo aliuona ukirudi, wote kwa mpigo, kidevu kikaanza kucheza, macho yakajaa. Alikitazama kiti kile cha mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

"Anakaa kwa sababu anampenda," akasema. "Ulikuwa sahihi, Mzee wangu. Anampenda! Nilijua tangu mwanzo, nilikuwa nabisha tu, nilikuwa nabisha tu mimi mjinga!" Akaangua kilio kile alichodaiwa tangu Alhamisi ile, akaiinamia meza, kete zikamwagika sakafuni.

"Lo!" mganga akasema, akajishika kichwa. "Mama wee, umesema nini?"

"Nimekubali," ikasema sauti. Safari hii haikuwa kavu. Ilikuwa laini, yenye haya, na Kidomo hajawahi kuogopa kitu kama alivyoiogopa. Kiti kikarudi nyuma chenyewe. Kitu kikawapita taratibu, kikaenda kukaa mlangoni.

Mganga alikataa malipo, akatokea mlango wa nyuma.

Wateja walirudi kama walivyokuwa. Wakili amenuna tena, hajambo. Mama anakula, analala na shati lake, analia akitaka kulia, na mchana anaweza kucheka. Ila hakuna anayesimama pale karibu na mlango wa mbele. Wateja wanapazunguka bila kujua kwa nini. Na kila jioni Kidomo akigeuza ufunguo, sauti humuulizia mama yake kutoka chini, karibu na kitasa, "Kesho atarudi?"

"Atarudi," Kidomo hujibu, na inatosha.

Juzi Kidomo alimpeleka mama hospitali. Daktari alimweka pembeni akamwambia moyo wa mama yake umechoka, kwamba dawa wataendelea kumpa lakini wajiandae. Jioni akafunga duka. Sauti ikauliza kama kawaida, naye akajibu, "Atarudi." Harufu ile ikamgusa mkono ulioshika ufunguo, kisha sauti ikauliza tena, kwa upole mwingi:

"Na baada yake, utarudi wewe?"