Kamba ya Bonaventure Mtoni

Jirani yangu Mama Zubeda anadai kwamba Divine, binti wa Bonaventure, alirogwa. Anasema bamama wa sokoni walipita nyuma ya nyumba, wakafukia kitu, na asubuhi miguu ya mtoto ikakataa kusimama. Anaapa kabisa. Ndugu zangu, mimi nakaa ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Hakuna aliyefukia kitu.

Kabla ya vita, mto wetu hapa Baraka ulikuwa pahali pa kucheka. Tuliloweka muhogo mchungu humo mpaka ulainike na sumu itoke, ndipo tukauanika na kuutwanga. Kisha wenye bunduki wakaja, wakataka kula. Bonaventure, mtoto wa hapa hapa, akajipeleka mwenyewe kuwakusanyia ushuru. Akafunga kamba mtoni, kuzuia pale tunapoloweka. Kila siku muhogo wako unapolala majini, utatoa sahani ya unga. Ushuru wa maji ya Mungu!

"Papa Bona," Mama Godelieve, mmoja wetu wa pale mtoni, alimwambia, "muhogo haiishe sumu na siku moja. Unataka tukule nini?"

"Mama, mi siko mupishi wako. Leta sahani. Ao peleka muhogo yako ikalale kijiji ingine, kule Nundu."

Akacheka peke yake. Kuna wanaume ambao hawajawahi kuwa na kitu. Wakipewa kamba ya kushika, wanajiona gavana.

Tukaanza kutoa muhogo mapema. Unga ukapanda bei, na bado ulikuwa mchungu. Batoto wakatapika. Sisi tukaacha bugali, tukala viazi vitamu. Lakini kwa Bonaventure, sahani zetu zote zilimwagwa katika gunia moja: nusu ya wenye bunduki, nusu yake. Nyumbani kwake wakala bugali asubuhi, wakala jioni.

"Baba Divine," mke wake Georgette alisema, "hii unga inawasha ulimi."

"Ya bure, na unalalamika? Pika!"

Siku moja Divine aliamka kwenda chooni, magoti yakakunjika. Muuguzi Isidore alionja ule unga, akautema. "Hii muhogo haikukaa ndani ya maji," alisema. "Sumu yake imeua miguu ya mtoto, haitarudia kuwa kama zamani."

FUNDISHO

Ushuru wa chakula hauishi sokoni. Unapandisha bei, unaharakisha kazi isiyotaka haraka, na mwisho unaingia ndani ya sahani ya mtoto. Anayenenepa kwa beseni la jirani asitafute mchawi. Na sisi tuliolipa tukinyamaza, tusijione wasafi sana.

Nasema hivi kwa sababu kamba bado iko. Jumapili Georgette alikuja mtoni, Divine mgongoni, msichana mkubwa wa kwenda shule, miguu yake ikining'inia. Akasema mbele yetu sote:

"Baba Divine, nakuomba. Fungua hiyo kamba."

Bonaventure alimwangalia mtoto. Kisha akamgeukia Mama Godelieve, aliyekuwa anashusha beseni lake, akamnyooshea sahani ya ushuru.