Nukta ya Tatu

Folda ilikuwa tupu, lakini ilikataa kufutwa.

Dada mtu alikuwa ameitengeneza mwenyewe asubuhi ile kwa mazoezi, akaiita jaribio. Kompyuta ya marehemu mama yao ilikuwa haionyeshi tena picha wala vitufe. Kilichobaki ni skrini nyeusi inayongoja kuandikiwa amri. Humo, katika folda iitwayo mama, ilikuwamo sauti aliyojirekodi mama huyo akiwa hospitalini, na nakala nyingine haikuwapo popote. Ndiyo maana alimwita mdogo wake, fundi wa kompyuta, amfundishe kuitoa.

"Nikiandika ls nione yaliyomo, haionyeshi kitu. Nikiandika rmdir niifute, inasema si tupu."

"Kichwa maji," alisema fundi, macho kwenye simu. "Hata mtoto wa chekechea anajua. Kuna kitu kimejificha. Andika ls, halafu -a."

Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi tu kufundishwa na mtu asiyemdharau, akadhani dharau ni sehemu ya somo.

Dada akaandika. Zikajipanga: nukta moja, nukta mbili, nukta tatu.

"Moja ni hapa ulipo," fundi alisema, sasa amesogea. "Mbili ni folda iliyoizaa hii. Tatu..." Akanyamaza. "Tatu umeitengeneza wewe, na hivyo vidole vizito."

"Sijaigusa. Haki ya Mungu."

Chumba kilianza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji. Feni ya kompyuta, iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi, sasa ilivuta pumzi, ikaitoa.

Fundi akamsukuma kwa bega, akakaa, akaandika cd na zile nukta tatu. Akaingia. Akaorodhesha yaliyomo.

kichwa_maji
mtoto_wa_chekechea
vidole_vizito

"Ni maneno yako hayo," dada alinong'ona. "Kinatusikiliza. Tutoke, mdogo wangu."

"Kisikilize! Jini gani la kupanga kwenye kompyuta kuukuu kama hii? Na majini nayo yamefilisika?"

Feni ikasimama. Mchana wote ukawa kama umesimama nayo, na fundi, ambaye sasa jasho lilimtiririka mgongoni ingawa alikuwa bado anatabasamu, akaandika cd na nukta mbili ili arudi jaribio, kisha akaandika rm -r na nyota, amri inayofagia kila kilichomo na isiyorudisha kitu, huku harufu ile ikimkaa kooni na kitu kikimpumulia shingoni taratibu.

Dada akamshika mkono. "Uliza kwanza tulipo. Si umenifundisha mwenyewe? Andika pwd."

"Mimi niulize nilipo? *Mimi?*"

Akabonyeza Enter.

Mstari ukashuka, kimya. Dada akaandika yeye ile pwd. Jibu lilikuwa refu kidogo, na neno lake la mwisho lilikuwa mama, si jaribio.

Alikuwa bado hajalia pale spika ilipokwaruza. Spika ambayo waya wake ulikuwa umezungushwa juu yake, haujachomekwa popote. Ikatoka sauti ya mama yao, ileile iliyokauka ya hospitalini, ya mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtukana mtu.

"Kichwa maji. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Dada," fundi alinong'ona, "tuko wapi?"

Feni ikaanza tena kupumua.