Marehemu Aliyepokea Simu

Jumapili ile nyumba ya mzee Elikana, pale Rusimbi, Kigoma, ilinukia migebuka, samaki wa ziwani, ya mawese. Binti yake, Kaneza, alikuwa amepata ufadhili wa kusomea uuguzi ng'ambo, na mama mtu, Concilie, alikuwa anaimba jikoni tangu watoke kanisani. Ndugu zangu, nani asingeimba? Ilibaki viza tu.

Ndipo akaingia Castory, baba mdogo wa Kaneza, mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote, ila mambo ya viza anayajua kuliko balozi mwenyewe. Akawavuta uani Kaneza na baba yake.

"Mama yako alikuja hapa mkimbizi kutoka Burundi," alinong'ona. "Wale wa ubalozini wakisikia hivyo watasema na wewe ukifika kwao utagoma kurudi. Kwenye usaili sema mama alishafariki. Yaishe."

"Baba mdogo, mama yangu yu hai."

"Kwani unamuua? Ni neno tu."

Kaneza alimtazama baba yake, akitamani amkatalie Castory. Mzee Elikana akakuna ndevu, akanyamaza. Mniwie radhi, lakini ukimya ule unaniudhi hadi leo kuliko mdomo wa Castory.

Binti akaenda Dar es Salaam, akaulizwa habari za wazazi, akajibu alivyofundishwa. Akarudi Kigoma kungoja majibu. Namba aliyoiacha ubalozini ilikuwa ya baba yake, na aliambiwa huenda wakapiga kuhakiki. Alimsihi mzee asiiache simu yake nyumbani hata kidogo. Asubuhi moja mzee akaiacha ikichaji sebuleni, akaenda zake dukani.

Kaneza alikuwa uani anafua aliposikia sauti ya mama yake ikisema, "Haloo, karibu."

Alikimbilia ndani na mapovu mikononi.

"Ubalozini? Ndiyo, hapa ndipo kwao Kaneza. Mimi ndiye mama yake." Concilie alikuwa anakaza kitenge kana kwamba wanamwona. "Nilikuja kwa miguu toka Burundi, nikaolewa hapahapa. Huyu mtoto anajituma sana."

"Mama, kata simu. Nakuomba, kata."

Concilie akamnyamazisha kwa mkono, maana alikuwa anasikiliza. Kisha uso ukamlegea. "Alifariki nani?" akauliza kwenye simu. Akasikiliza tena, halafu akaiweka mezani taratibu.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi, "uliwaambia nilikufa na nini?"

Kaneza alilia. Mama akangoja jibu.

"Malaria, mama."

Concilie akarudi jikoni.

Viza ilikataliwa. Ubalozi ulieleza wazi kwamba asili ya mama haikuwa kikwazo hata kidogo. Kikwazo kilikuwa uongo. Ufadhili akapewa mwingine. Castory siku hizi hapiti mtaa ule.

Funzo

Enyi wazazi wa Rusimbi, wa Ujiji na kote mwambao huu, anayeomba viza ya masomo anatakiwa aseme kweli juu yake na juu ya watu wake. Kama kuna sharti hulielewi, waulize ubalozi wenyewe au chuo kilichomchukua mtoto, siyo ndugu mjuaji. Na wewe baba, mtoto akikutazama umwokoe na uongo, fungua mdomo. Viza inaweza kuombwa tena. Lakini Kaneza mpaka leo hajui amwambie nini mama yake.