Kichwa cha Antino

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, Madam Ashwaq, mwenye jumba la maonyesho, aliweka kiganja kwenye shavu la Antino ili amuage, akakiondoa upesi. Kwa wiki tatu alikuwa akimgusa kila asubuhi, na kila asubuhi marumaru ilikuwa baridi ya kuuma vidole, maana kiyoyozi cha ukumbi ule hakikuzimwa hata dakika moja. Leo shavu halikuwa na baridi hiyo. Alikwaruza nyuma ya shingo, na unga mweupe ukambakia kwenye ukucha.

"Rispah," aliita bila kupaza sauti. "Huyu siye. Huyu plasta."

Rispah, mwanamke wa Kisii mwenye miaka saba Dubai, ndiye aliyekuwa msimamizi wa walinzi wa jumba lile la Al Mankhool. Hakubisha. Alifunga mlango, akatazama saa, akaandika muda kwenye daftari.

Maonyesho yalikuwa yamekwisha jana yake. Antino alikuwa kijana aliyezama katika mto Nili, na Kaisari Hadriano wa Roma, aliyempenda akashindwa kumsahau, akaamuru aabudiwe kama mungu. Kichwa chake cha marumaru, ambacho Madam alikuwa amekiuza na leo kilikuwa kisafirishwe, ndicho kitu pekee cha kale mle ndani. Waliomzunguka walikuwa wa plasta, wenye uvungu ndani, kazi ya mikono ya Nabil, mtaalamu wa maonyesho: Kaisari, mkewe Sabina, mshairi Balbila, na Mzee Thalo, mpiga kasia mwenye mabega mapana kama mlango. Huyo Thalo hakuwahi kuzaliwa. Nabil alimbuni ili wageni wapate shahidi wa kuwasimulia jinsi kijana alivyozama, na kibao chake kilikiri hivyo waziwazi.

Shuku zilimwangukia Famau kabla mwenyewe hajajua kuna jambo. Ukumbi ulifungwa na kutiwa lakiri Jumatano saa moja jioni. Asubuhi hii, saa moja na nusu, Rispah aliikuta lakiri nzima kabisa, akaikata kwa mkono wake, akamwingiza Famau, mfungaji mizigo kutoka Lamu aliyetumwa na kampuni ya usafirishaji ya Deira. Kisha akashuka kusaini karatasi za lori. Kwa dakika arobaini na tano Famau alikuwa peke yake.

"Sijamgusa kijana, dada," Famau alisema. "Niliambiwa yeye ni wa mwisho. Nimefunga hawa wanne wa plasta tu."

"Dakika arobaini na tano, masanamu manne?"

"Watatu niliwapakata kama watoto. Huyu mzee wa kasia ndiye aliyenichelewesha. Nilimkumbatia akagoma kunyanyuka. Ikabidi nishuke kwa mlango wa mizigo nikatafute kitoroli."

"Mimi sijakuuliza uzito wa plasta, mwanangu," Madam Ashwaq alimkatiza kwa Kiunguja chake cha nyumbani. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Unguja, na lugha hawakuiacha. "Nakuuliza kichwa kiko wapi. Ulishuka, ukapanda, na kamera ya mlango huo ni mbovu tangu Jumatatu. Nani alikuwa anakungoja chini?"

Famau alikaa juu ya sanduku. "Madam, mke wangu Ummulkheir anashuka hapa kesho. Visa yake imesimama juu ya yangu. Nikifunguliwa kesi, kafeel, mdhamini wangu, atanikatia visa, na yake imekufa hapo hapo. Miaka minne tumengoja. Nifanye wizi leo, nina wazimu?"

"Ikiadhiniwa adhuhuri, napiga simu polisi," alijibu Madam, na uso wake haukuonyesha kuwa alilifurahia neno hilo.

Walifungua masanduku yote manne. Katika kila moja alikuwamo mtu wa plasta, amelala kwenye sponji yake. Kichwa hakikuwamo.

Saa tatu Nabil alifika. Mzaliwa wa Mombasa, amesomea Roma, mpole wa sauti. Macho yake yalikuwa mekundu, na habari aliisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu na kuwaonyesha picha.

Walinzi walikuwa na desturi yao. Kila anayemaliza zamu hukipiga picha kila kitu cha thamani na kuiweka kwenye kundi la simu, chini yake akiandika "All OK sir." Picha ya jana saa moja jioni, iliyowekwa na Alfred, mlinzi wa zamu ya jana, ilimwonyesha Antino na pengo dogo kwenye sikio la kushoto, pengo ambalo nakala haina.

"Basi jana jioni alikuwa yeye wa kweli," Nabil alisema. "Ameibwa leo." Akamwekea Famau mkono begani. "Sema tu, ndugu yangu. Madam ana huruma." Alipoinuka aliongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Thalo wangu nitamchukua kwenye gari langu. Madam alishanipa."

"Hakuna kitu kitakachotoka hapa kabla sijamaliza," alisema Rispah.

Saa nne alikuwa bado amekaa na picha ile, akiikuza kwa vidole viwili. Sikio lilikuwa sawa, na pengo lilionekana. Alishuka chini ya picha, kwenye bakuli la maji lililokaa mbele ya Antino, lenye mayungiyungi mekundu, ua lililopewa jina lake zamani zile. Maua yalikuwa yamechanua kabisa. Rispah aliitazama saa ya picha tena. Kwa wiki tatu alikuwa akiyaona maua yale yakijifunga saa tisa alasiri, na ifikapo jioni yamebana kama ngumi. Akateremka ngazi moja kwa moja hadi getini kwa Alfred.

"Alfred, hii picha ulipiga saa ngapi?"

"Saa moja jioni, madam. Si iko kwa group?"

"Maua yamefunguka."

Alfred aliangalia simu, akaangalia barabara. "Ni ya Jumanne asubuhi," alisema mwishowe. "Nilitoa kwa gallery ya simu nikapost. Miguu ilikuwa imekufa, nikaangalia tu kwa mlango nikaona kichwa kiko. Kila mtu hufanya hivyo, madam, usiseme hujui."

Rispah alijua. Alipokuwa mlinzi wa kawaida alifanya hivyo hivyo, na alipopewa usimamizi aliziona picha za jana zikirudi akanyamaza, kwa kuwahurumia wenzake. 

"Utasema mbele ya Madam," alimwambia.

"Nikisema, kazi imeisha."

"Najua. Usiposema, Famau anaingia ndani kwa kosa letu mimi na wewe."

Alfred alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha alimfuata ngazini.

Saa sita kasorobo wote watano walikuwa ukumbini. Alfred alisema maneno yake akiwa amesimama wima, na alipomaliza Madam Ashwaq hakumtazama.

"Kwa hiyo picha ya jana tuiweke kando," Rispah alianza. "Madam, jana asubuhi ulimgusa?"

"Nilimgusa. Baridi."

"Basi alikuwa wa kweli jana asubuhi. Mchana kutwa ukumbi ulikuwa na wageni na walinzi wawili. Saa kumi alasiri Sir Nabil aliwatoa watu wote asafishe masanamu. Akabaki peke yake mpaka saa kumi na moja na nusu. Nakala za Antino alitengeneza mbili: moja iko mlangoni watoto waiguse, na ya pili alituambia ilivunjika wiki ya kwanza. Vipande vyake hakuna aliyeviona; nadhani haikuvunjika wala haikutoka humu ndani."

Nabil alitabasamu kwa uchovu. "Nilitoka hapa mikono mitupu, dada. Kamera ya mlango wa wafanyakazi ni nzima."

"Nimeitazama. Ulitoka na simu na funguo. Ndiyo maana nina hakika kichwa kimo humu ndani." Akamgeukia Famau. "Mnyanyue Kaisari."

Famau alimtoa Hadriano kwenye sanduku na kumweka begani bila taabu.

"Sasa Mzee Thalo."

Famau alipanua miguu, akamshika mzee wa kasia chini ya mabega, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Thalo alisogea kidogo tu.

"Plasta ile ile, ukubwa unakaribiana," alisema Rispah. "Famau alituambia mapema, hatukumsikiliza. Tulipofungua sanduku tulimwona Thalo, tukaridhika, kwa sababu hakuna anayemshuku mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Mpindue."

"Polepole," Nabil alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Tafadhali, polepole. Ataumia."

Kitako cha Thalo kilikuwa kimezibwa kwa plasta mpya, bado na unyevu. Famau aliichokoa kwa patasi. Kwanza ilitoka sponji, kisha kitambaa, kisha nywele za mawimbi za marumaru. Madam Ashwaq alipiga magoti akaligusa shavu, akafumba macho.

"Kwa nini, Nabil?"

"Umemuuza kwa mtu atakayemfungia chumbani," alijibu. "Miaka kumi na moja nimemsoma. Najua kila mpasuko wake. Kaisari alipompoteza aliijaza dunia sanamu zake na hakuna aliyemwita mwizi. Mimi nilitaka huyu mmoja." Akamtazama Famau. "Sikukusudia wewe. Nilidhani mtagundua baadaye sana, mbali na hapa."

"Lakini uliniona nimekaa pale," Famau alisema. "Nilitaja mke wangu, au hukuambiwa? Ukanishika bega ukaniambia nikiri."

 Madam alipiga simu polisi muadhini akiwa bado hajaanza, kisha akamwambia Alfred akabidhi kitambulisho. Alfred alikiweka juu ya meza.

"Nami pia, Madam," Rispah alisema. "Nilijua picha zinarudiwa. Nilinyamaza."

Madam alimkazia macho. "Andika ripoti. Yote. Kampuni yako itaamua."

Rispah alikaa chini akaanza kuandika, na jina la kwanza aliloliandika chini ya makosa lilikuwa lake. Huenda mwezi ujao angekuwa ndani ya ndege ya Nairobi.  Alfred alikuwa dirishani, Famau karibu naye, akimuuliza kwa sauti ya chini atalala wapi leo akitolewa kwenye chumba cha kampuni, akimweleza kuwa kule Al Muraqqabat, sebuleni kwake, godoro lipo na mke wake hana makuu.

Simu ya Famau ikalia. Alitazama jina la Ummulkheir kwenye kioo. Alimnyooshea Rispah.

"Mwambie wewe, dada," alisema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Mimi siwezi. Mwambie tu aje."

Rispah aliweka kalamu chini, akaipokea.